Kumbukumbu za Kikao cha Jumamosi

Kikao kilifunguliwa saa tatu na robo
kwa dua, kisha kwa sala, kisha kwa kutafuta viti.
Waliohudhuria: wazazi mia moja na kumi na wawili, nami nikiwamo,
mwalimu mkuu, afisa wa elimu,
Bi Tahiya wa Akademia na mafaili yake ya buluu,
na feni moja iliyozunguka pale ilipojisikia.

Mimi ndiye katibu. Niliandika.

Miaka mitano iliyopita Akademia iliomba madarasa manne,
ya kuazima tu, mpaka ipate kiwanja Mtwapa.
Sasa yaomba mengine manane, upande wote wa mashariki,
na maktaba, kwa kuwa maktaba haitumiki.
(Haitumiki kwa kuwa ufunguo wanao wao.
Hili nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena.)
Tena wavu wa sasa ung'olewe,
ujengwe ukuta wa matofali, futi nane,
kwa usalama wa watoto.
"Watoto gani?" aliuliza mtu wa nyuma. Sikumwona.

Umazi Dzombo, auzaye viazi karai langoni,
alisimama, vidole vingali na manjano ya unga:
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu wetu siku ya tatu katushikisha sisi jembe,
ati tumpalilie!"
Darasa zima lilicheka. Kicheko sikukiandika,
hakina nafasi kwenye fomu.

Shekuwe, kuli wa bandarini, hakucheka.
"Wangu alifika gredi ya nne hajui kusoma.
Ng'ambo ya wavu, miezi minane,
ananisomea mkataba wa nyumba mstari kwa mstari,
ananiambia, baba, hapa tunaibiwa.
Mwataka nimrudishe wapi?"
Hapo nilisikia feni.

Mwalimu Mutheu hakugusia mkataba wala ukuta.
Alisema vyoo. Matundu sita kwa watoto mia tisa,
na ng'ambo matundu kumi kwa mia mbili,
na katoto ka gredi ya kwanza kalikosimama wavuni
kakiutazama mlango wa choo kisicho chake
mpaka kakajikojolea.
Akakaa. Akafuta chaki kwenye kiganja
ingawa ilikuwa Jumamosi na hakushika chaki.

Bi Tahiya alijibu kwa upole, sauti ya mtu anayemwaga chai
asimwagie mgeni. Kura ni ya haki, alisema,
jina lolote laweza kutoka ndooni.

Ndoo hiyo naijua. Ni ndoo ya rangi, mpini umefungwa waya.
Januari ilitoa jina la Nyevu, binti yangu,
nikapiga makofi hadi nikaona haya.
Jina la Chengo, kaka yake, lilibaki chini na mengine.

Ng'ambo hupewa yai Jumatano.
Saa nne Nyevu huja wavuni na lake,
lakini tundu la wavu ni dogo kuliko yai.
Basi hulimega. Kiini hubaki kwenye waya,
Chengo hukikwangua kwa ukucha, hula na kutu yake.
Haya hayakusemwa kikaoni,
kwa hiyo si sehemu ya kumbukumbu.

Kura ya mikono. Waliounga mkono: hamsini na watatu.
Waliopinga: hamsini na wanane.
Afisa alijumlisha, akajumlisha tena.
"Katibu, mmoja hayupo."
Nikamwambia mkono wangu ulikuwa na kalamu.
Alinitazama kidogo, akaitazama saa,
akasema maoni yamepokelewa, uamuzi utatoka ofisini.

Mengineyo: Umazi Dzombo aliuomba ufunguo wa maktaba,
angalau kwa leo, watoto waone ndani mna nini.
Ulitafutwa kwenye mafaili ya buluu,
kwenye mkoba, kwenye gari.

Kikao kilifungwa saa saba kasorobo.
Ufunguo unaendelea kutafutwa.